Rangi ya mpira kwa sitaha ya boti: ipi inafaa mbao, ipi faiba, ipi chuma

Jina "rangi ya mpira" hubeba vitu visivyofanana. Dukani Nakasero, Kampala, unaweza kuuziwa lami iliyochanganywa na mpira, ile ya kuzibia mapaa. Gereji ya pikapu itakupulizia poliyurea au kitu kinachofanana nayo. Mwingine atakuletea kopo la poliurithani lenye chembe za tairi. Wote watakuambia ni rangi ya mpira, na hakuna aliyekudanganya, kwa kuwa zote hunyumbuka ubao unapovimba na kusinyaa. Lakini ukipaka moja mahali pa nyingine, utaikwangua kabla ya mwaka kwisha.

Sitaha nyingi zinazobambuka huanzia chini: ubao ulikuwa na maji, faiba ilikuwa na nta, chuma kilikuwa na kutu iliyofichwa na rangi ya zamani. Kwa sababu hiyo tunalinganisha aina hizi kwa kuuliza zitakaa juu ya nini, kisha ndipo tuangalie bei na urembo.

Mazingira ya maziwa yetu

Maji ya Nalubaale (Ziwa Victoria) na Kyoga hayana chumvi. Kwa chuma na alumini hiyo ni nafuu. Kwa mbao ni hasara, maana chumvi ya bahari huwazuia kuvu wanaoozesha ubao, na maji matamu hayawazuii. Ubao uliolowa mvua ya Aprili kisha ukafunikwa kwa mpira usiopitisha hewa huoza upesi kuliko ubao uleule ulioachwa wazi ukauke.

Jua nalo lina neno lake. Entebbe iko karibu kabisa na ikweta, na uso wa ziwa uko kama mita 1,134 juu ya usawa wa bahari. Saa sita mchana sitaha hupigwa karibu wima mwaka mzima, wakati ubavu wa boti hupigwa kwa mshazari. Rangi inaweza kugeuka unga juu ya sitaha kabla ubavu haujaanza kufifia. Sitaha nyeusi huunguza nyayo, na wavuvi wengi hufanya kazi peku, kwa hiyo chagua kijivu hafifu au rangi ya mchanga.

Mvua za msimu ni Machi hadi Mei na Septemba hadi Novemba. Ngurumo za ziwa hujikusanya usiku, na ukanda wa Entebbe na Kampala huzipokea mara nyingi alfajiri au asubuhi. Kazi hii ipangwe Juni hadi Agosti, au Januari na Februari, na kila siku ipakwe kati ya saa nne asubuhi, umande ukishakauka, na saa tisa alasiri.

Kwa ufupi, ubavu kwa ubavu

| Aina | Kiasi kwa mita 1 ya mraba | Petroli ikimwagika | Unyevu ukitoka chini | Kuiondoa baadaye |
|---|---|---|---|---|
| Rangi ya mafuta na mchanga | lita 0.3, mikono mitatu (yaani kupaka mara tatu) | hulainika | hubanduka vipande vidogo | rahisi, msasa unatosha |
| Akriliki ya maji yenye chembe za mpira | lita 0.7 hadi 1, mikono miwili | hulainika isipofutwa mapema | huvumilia kidogo | wastani |
| Poliurithani ya kopo moja yenye chembe za mpira | lita 0.7, mikono miwili | hustahimili ikishakomaa | hutoa malengelenge | ngumu |
| Epoksi na mchanga, juu yake rangi ya kuzuia jua | epoksi lita 0.3, mikono miwili | hustahimili vizuri | huinuka vipande vikubwa | ngumu |
| Poliyurea ya kupulizwa | lita 2 kwa unene wa milimita 2 | hustahimili | huinuka kama shuka | ngumu kupita zote |
| Mikeka ya EVA (povu laini) ya kubandika | unene wa milimita 5 au 6 | gundi hulegea | kingo huinuka | mkeka rahisi, gundi usumbufu |

Vipimo hivi ni vya kupangia manunuzi. Ubao mkavu uliochubuka hunywa zaidi, na kopo la mtengenezaji ndilo lenye neno la mwisho.

Lami ya mpira hatukuiweka kwenye jedwali kwa makusudi. Ni nyeusi, hulainika juani, petroli huiyeyusha, na rangi yoyote utakayopaka juu yake baadaye itatoka madoa ya kahawia kwa sababu lami hupenya na kupanda juu. Kazi yake ni paa. Sitahani isiwekwe hata kwa dharura, kwa kuwa kuiondoa kwenye vinyweleo vya ubao karibu haiwezekani.

Poliurithani ya kopo moja

Hii ndiyo ambayo watu wengi humaanisha wanaposema rangi ya mpira ya sitaha, na kwa boti nyingi ndiyo tunayoipendekeza. Haina hadina (kikazaji) ya kuchanganya. Hukomaa kwa kuvuta unyevu wa hewani, na kando ya ziwa unyevu haukosekani. Ikishakomaa inanyumbuka, inapunguza kelele za miguu na makreti, na chembe za mpira hushika nyayo hata kukiwa na ute wa mukene (dagaa wa ziwani). Kishikio hicho ni laini kwa magoti, tofauti na mchanga.

Maji yanayoikomaza ndiyo pia yanayoiharibu. Ndani yake kuna kemikali iitwayo isosayaneti, na isosayaneti ikikutana na maji hutoa gesi ya kaboni dioksidi. Unyevu wa hewani ni kidogo na gesi hutoka polepole bila madhara. Ubao mbichi, tone la mvua au jasho la paji la uso likidondokea rangi mbichi hutoa gesi nyingi kwa mara moja, na pale utaona mapovu na matundu ya sindano. Matundu hayo huingiza maji chini ya rangi, na safari ya kubambuka imeanza.

Kwa sababu hiyohiyo kopo likifunguliwa haliwekeki. Nunua makopo madogo kadhaa badala ya moja kubwa, mimina kiasi cha dakika 20 kwenye ndoo, funika kopo papo hapo, na kilichobaki kwenye ndoo kisirudishwe koponi.

Uliza toleo. Makopo mengi hutengenezwa kwa namna mbili: aromatiki, ambayo ni nafuu lakini jua huipausha na kuifanya ya njano, na alifatiki, inayostahimili jua. Kwenye ikweta mkono wa juu uwe alifatiki. Fedha zikibana, mkono wa kwanza uwe wa aromatiki na wa pili wa alifatiki wa mtengenezaji yuleyule, usichanganye watengenezaji.

Hesabu yake ni hivi. Boti ya futi 28 yenye kisitaha cha omo (mbele ya boti), mbao za kukanyagia na viti huwa na eneo la kupakwa la kama mita 9 za mraba. Kopo la lita 3.8 hufunika mita 5 hadi 6 kwa mikono miwili. Kwa hiyo makopo mawili yanatosha na yanabaki kidogo kwa kingo. Usijaribu kulivuta kopo moja lifike mita 9 kwa kupaka nyembamba, kwa sababu chembe za mpira zitasimama juu zikiwa hazijashikwa na zitang'oka kwa ufagio wa kwanza.

Poliyurea, na kile kinachoitwa poliyurea

Poliyurea halisi hupulizwa na mashine inayopasha moto sehemu zake mbili hadi nyuzi 65 au 80 za Selsiasi na kuzisukuma kwa mgandamizo wa zaidi ya bar 140. Sehemu hizo hukutana kwenye bunduki, na rangi hushika kwa sekunde chache tu. Umande wa jioni haiujali, na unene wa milimita 2 au 3 hupatikana kwa siku moja. Kwa mikwaruzo ya nanga na minyororo hakuna inayoishinda.

Gereji nyingi za pikapu hazina mashine hiyo. Zinachotumia ni poliurithani ya sehemu mbili: chupa inafungwa hadina, inatikiswa, inakazwa kwenye bunduki ya kawaida na kupulizwa kwa kompresa ya gereji. Si kitu kibaya, ila ni nyembamba zaidi, inakauka kwa saa nyingi, na bei yake haipaswi kuwa ya poliyurea. Swali moja linatosha kutofautisha: mashine inapasha moto? Kama jibu ni chupa na kompresa, unajua unachonunua.

Pima pia uzito. Milimita 2 juu ya mita 9 ni lita 18, kama kilo 20. Kwenye boti ya doria ya faiba ni mzigo wa kuvumilika, na kwa mtumbwi mdogo wenye injini ya nguvu farasi 9 ni mzigo wa bure. Zaidi ya yote, poliyurea kwenye mbao zilizokalafatiwa (zilizozibwa viungo kwa pamba) tunaikataa, na sababu iko hapa chini.

Boti ya mbao: hapa ndipo pa kutulia

Boti nyingi za mialo yetu (bandari ndogo za wavuvi), kutoka Kasenyi na Ggaba hadi Masese, zimejengwa kwa mbao zilizopigiliwa kwenye mataruma (mbavu za boti), na viungo vyake vimezibwa kwa kalafati ya pamba. Viungo hivyo vinacheza. Boti ikikaa majini hufumba, ikipandishwa hufunguka. Kila mwaka fundi hukwangua kalafati na kuweka mpya, na ubao uliochoka hubadilishwa. Ukimwaga mpira mnene juu ya viungo, fundi wa mwakani atalazimika kuukata kwa patasi mstari kwa mstari, na kila mkato ni mlango wa maji. Vibaya zaidi, ngama (chini kabisa ndani ya boti) huwa na maji karibu wakati wote. Sehemu ya chini ya ubao imelowa, juu imefunikwa, jua linapasha moto, mvuke unatafuta pa kutokea. Kwanza yanakuja malengelenge, kisha ubao unakuwa kama keki.

Ushauri wetu ni huu: ndani ya gamba la boti ya mbao usipake mpira kabisa. Acha mbao zipumue, zipake mafuta au rangi ya kawaida. Mpira uweke kwenye vipande vinavyotoka: mbao za kukanyagia, viti, kisitaha cha omo kama kimetengenezwa kwa plaiwudi na kina hewa chini yake. Mbao za kukanyagia zitoe nje, zianike chini ya paa, uzipake pande zote sita, si uso wa juu peke yake. Ubao uliopakwa upande mmoja hunywa maji kwa upande wa pili na kupinda. Miisho ya ubao, ambapo nyuzi zimekatwa, hunywa kuliko uso. Ipe mikono mitatu ya epoksi nyembamba kabla ya mpira.

Unyevu wa ubao ulenge asilimia 15 au chini. Kama huna kipima unyevu, bandika karatasi ya plastiki ya sentimita 50 kwa 50 juu ya ubao, ziba kingo zote kwa tepu, uache saa 24. Ukikuta matone au ubao umekuwa mweusi chini ya plastiki, rudisha siku za kuanika. Ubao uliotoka ziwani huhitaji wiki kadhaa kivulini, na kuuweka juani ili kuharakisha huupasua.

Aina ya mti nayo inahusika. Mvule una mafuta yake ya asili yanayozuia rangi kushika. Upige msasa namba 60, ufute kwa asetoni na kitambaa cheupe mpaka kitambaa kitoke safi, kisha upake praima (rangi ya kutangulia) ndani ya saa hiyohiyo kabla mafuta hayajapanda tena. Vumbi lake huwasha ngozi na mapafu, kwa hiyo vaa barakoa hata kwa kazi ya dakika kumi. Musizi ni mwepesi na hunywa sana. Mkono wa kwanza wa epoksi utapotea ndani yake, hesabu lita moja zaidi. Misumari ipigwe izame milimita 2 au 3 chini ya uso na mashimo yazibwe kwa puti ya epoksi, la sivyo kutu itachora duara la kahawia juu ya rangi yako mpya.

Kwa boti ya musizi ambayo mbao zake hubadilishwa mara kwa mara, rangi ya mafuta na mchanga bado ndiyo chaguo la busara, na tunasema hivyo bila aibu. Mikono mitatu, lita 3 kwa mita 9. Mchanga wa ziwani uoshwe mara tatu, ukaushwe juu ya bati, uchujwe kwa chandarua. Nyunyiza mkono wa pili ukiwa bado mbichi mpaka kung'aa kupotee, acha ukauke, fagia uliolegea, funika kwa mkono wa tatu. Ukichanganya mchanga ndani ya kopo utazama chini na utapata mwanzo laini na mwisho wa kokoto. Utairudia kila msimu au miwili, lakini kurudia kwenyewe ni kazi ya siku moja na msasa.

Sehemu anayolala samaki ni habari nyingine. Chembe za mpira hushika ute na magamba, na ufagio hauvifikii. Sangara, au mputa kama wengi tunavyomwita, anayekwenda kiwandani asilale juu ya uso wa namna hiyo wala juu ya rangi ambayo haijakomaa. Mwaka 1999 soko la Ulaya liliwafungia mlango samaki wa Uganda kwa hofu ya sumu, na wenye boti walilipia. Kwenye sanduku la barafu na ghala la samaki tumia epoksi laini, nyeupe, iliyoandikwa kwenye kopo kwamba inafaa kugusana na chakula, na uiache ikomae siku zote zilizotajwa.

Boti ya faiba

Faiba na poliurithani ya kopo moja zinapatana vizuri. Hakuna mvuke kutoka chini, hakuna viungo vinavyocheza. Maadui ni wawili.

Wa kwanza ni nta, iliyobaki kutoka kwenye kalibu iliyoundia boti au iliyopakwa na mwenyewe kwa kung'arisha. Osha kwa sabuni, suuza, kisha futa kwa tina (kiyeyusho cha rangi) kwa vitambaa viwili: kimoja kinalowesha, cha pili kikavu kinafuata kabla tina haijakauka. Haya yafanyike KABLA ya msasa. Ukipiga msasa kwanza unaisukuma nta ndani ya mikwaruzo na huwezi kuitoa tena. Halafu msasa namba 60 au 80 mpaka mng'ao wote ufe, hata kwenye kona na mitaro ya maji. Sehemu moja inayong'aa ndiyo itakayoanza kubanduka.

Wa pili ni sitaha iliyolainika. Boti nyingi za faiba zina plaiwudi au povu katikati ya matabaka. Gonga sitaha yote kwa sarafu au mpini wa bisibisi, hatua kwa hatua. Sauti kali ni nzima, sauti butu ni maji ndani. Chora mpaka wa sehemu butu kwa chaki. Hapo panakatwa, panakaushwa, panajengwa upya. Mara nyingi maji yaliingilia kwenye matundu ya boliti za reli na vishikio vya kamba, kwa hiyo vifungue vyote, panua matundu kidogo, yajaze epoksi, toboa tena, na ukivirudisha viwekee silanti ya poliurithani. Kukata rangi kwa kuzunguka vishikio bila kuvifungua huacha kingo nyingi za maji kuingilia.

Kama sitaha ni ya boti ya abiria na kuna madimbwi yanayobaki baada ya mvua, epuka akriliki ya maji, maana hulainika chini ya maji yaliyotuama. Kwa paa la kibanda na njia za pembeni zinazokauka upesi ni nzuri: haina harufu kali, brashi huoshwa kwa maji, na hukomaa vizuri ikipata siku kavu nzima. Mvua ikiikuta ndani ya saa za kwanza inaishia ziwani.

Mikeka ya EVA ni ya kupendeza kwenye boti ya watalii, hasa pale watu wanapokaa miguu mitupu. Kwenye boti ya uvuvi ndoana na visu huimaliza.

Chuma na alumini

Kwenye feri inayopakia magari, kama zile za kivuko cha Bukakata na Luuku, tairi linalogeuka mahali pamoja hunyonga mpira na kuung'oa. Njia ya magari iwe epoksi yenye mchanga mgumu, mpira ubaki kwenye njia za abiria na ngazi, ambako unazuia kuteleza na kupunguza mtetemo wa injini. Kutu itolewe mpaka chuma kionekane, kwa kupuliza mchanga au grinda, kisha mikono miwili ya praima ya epoksi kabla ya mpira. Kingo za mabamba na michomeleo ipewe mkono wa ziada kwa brashi, kwa sababu rangi hukimbia ncha kali. Mipango yote ya kuchomelea imalizike kwanza; poliurithani ikiungua hutoa moshi wa sumu.

Alumini hutengeneza ganda lake la oksidi mara tu inapokwanguliwa. Piga msasa, futa, weka praima ya alumini ndani ya saa 4. Usiku ukipita, anza tena.

Kupaka poliurithani ya mpira, hatua zenyewe

Jaribu kwanza. Paka kiraka cha sentimita 30 kwa 30 mahali pabaya zaidi, subiri siku tatu, chora herufi X kwa kisu na uinue ncha. Rangi ikikatika vipandevipande huku nyingine imeganda, endelea. Ikitoka kama ganda la ndizi, rudi kwenye usafi wa uso. Kiraka hiki hukuokolea makopo mawili.

Siku ya kazi, pangusa eneo dogo kwa kitambaa kilicholowa kidogo. Likikauka ndani ya robo saa, hewa inafaa. Bandika tepu ya karatasi pembezoni. Koroga kopo mpaka chini kwa kijiti kipana au kwa drili ya mwendo wa polepole, kwani mwendo wa kasi hujaza mapovu, na urudie kukoroga kila dakika tano kwa sababu chembe huzama. Kona na kingo anza kwa brashi, uwanda fuata na rola ya mpira wenye matundu. Rola ya manyoya huacha nywele na tina huila.

Mkono wa kwanza uwe mwembamba na uliosuguliwa vizuri kwenye uso, huku na huko. Wa pili uwekwe wa kwanza ukishakuwa mkavu kwa kidole lakini kabla haujakomaa, kwa kawaida siku hiyohiyo; kopo limeandika saa ngapi. Ukichelewa hadi kesho yake, itabidi upige msasa na kufuta kwa tina, la sivyo mikono miwili itaachana. Tepu itolewe mkono wa pili ukiwa bado mbichi, kwa pembe, polepole. Tepu iliyoachwa mpaka kesho huondoka na rangi.

Kutembea juu yake ni baada ya saa 24, mizigo, nanga na petroli baada ya wiki.

Barakoa ya vumbi haizuii isosayaneti. Kwa brashi na rola fanya kazi mahali pa wazi na uvae barakoa yenye vichujio vya mvuke wa kemikali, glavu na miwani. Kwa kupuliza, hata hizo hazitoshi: mpulizaji anahitaji hewa safi inayoletwa kwa bomba. Mtu akishapata pumu ya isosayaneti, kiasi kidogo tu baadaye humrudishia mshtuko, na kazi ya rangi kwake imekwisha. Vijana wanaosaidia kukoroga wapewe vifaa vilevile anavyovaa fundi.

Kulinganisha bei kwa haki

Usilinganishe kopo kwa kopo. Chukua bei ya rangi, praima, tina, msasa, rola na siku za fundi, gawanya kwa mita za mraba, kisha gawanya tena kwa miaka unayotarajia. Ongeza siku ambazo boti haitaingia majini. Kwa mvuvi wa mukene siku kumi nchi kavu zinaweza kuzidi bei ya rangi yenyewe, na hapo epoksi na poliurithani huonekana ghali au rahisi kutegemea kama zimepangwa siku za mbalamwezi, ambazo hata hivyo wavuvi wa taa hupumzika. Hizo ndizo siku za kupandisha boti.

Dalili na maana yake

Rangi ikitoka kama shuka na upande wa chini ni safi na laini, uso haukukwanguliwa au ulikuwa na nta. Ikitoka na nyuzi za ubao mgongoni, rangi ilishika vizuri na ubao ndio uliooza. Malengelenge yenye maji ndani yanasema unyevu ulitoka chini. Matundu madogo bila maji yanasema mvua au jasho wakati wa kupaka. Unga mweupe unaoshika viganja ni jua kwenye toleo la aromatiki. Osha, piga msasa, ongeza mkono mmoja wa alifatiki, huna haja ya kuanza upya. Sehemu laini inayonata karibu na tangi ni petroli iliyoikuta rangi kabla ya wiki kuisha, na hapo kata mpaka kwenye rangi nzima.

Kiraka hutengenezwa hivi: kata kingo za sehemu mbovu kwa kisu kwa umbo lenye pembe, kwangua, piga msasa sentimita 5 kuzunguka, futa kwa tina, paka mikono miwili ikipanda juu ya rangi ya zamani. Kwa hiyo weka kopo moja dogo ambalo halijafunguliwa, mahali pakavu, na uandike juu yake tarehe ya kununua. Kwa usafi wa kila siku tumia brashi ngumu, maji na sabuni ya kawaida. Usitumie petroli kuondoa magamba yaliyokauka. Yaloweshe kwa gunia la maji nusu saa, yatang'oka yenyewe.